Kuzibua mtaro uliotelekezwa: nyumba zipi zitapona, zipi zitaponzwa

Kila ikikaribia Februari, mitaa ya mabondeni jijini Dar es Salaam huanza kuchangishana hela za kuzibua mitaro. Masika yako mlangoni, mtaro umejaa tope mpaka magugu yameota katikati, na kila mwenye nyumba kando yake anaamini kwamba tope likitoka, maji hayataingia tena ndani. Imani hiyo ni kweli nusu. Mtaro uliozibuliwa vizuri huziokoa baadhi ya nyumba na mafuriko ya mvua za kawaida. Mvua kama ile ya Desemba 2011, iliyoua watu zaidi ya 40 jijini, haizuiwi na kina cha mtaro wa mtaa. Tena zipo nyumba ambazo kazi hiyo hiyo huziweka pabaya kuliko mwanzo: zilizo chini ya pale kazi ilipoishia, na zile ambazo misingi yake imesogelea ukingo.

Maelezo haya yanafuata mtaro mmoja wa mfano: kuta za mawe, upana mita 2, kina mita 1.5, urefu mita 400, ukimwaga kwenye mto kama Msimbazi au Mto Ng'ombe. Mtaro wenu utakuwa na vipimo vyake. Weka namba zenu pale zetu zilipo.

Pima kwanza, jembe baadaye

Tafuta sakafu halisi ya mtaro. Chukua nondo ya milimita 12, urefu mita 2.5, ncha moja uichonge kwa grinda. Kila mita 20 choma sehemu tatu: kushoto, katikati, kulia. Kwenye tope laini nondo inazama kwa mkono mmoja. Ikifika kwenye mchanga inakwaruza na inataka kuzungushwa. Ikigonga sakafu ya mawe, mtetemo unarudi mpaka kwenye kiganja na nondo haisogei tena. Kipande cha tofali nacho kinagonga hivyo hivyo, kwa hiyo choma tena hatua moja pembeni kabla hujaandika. Tofauti kati ya uso wa tope na sakafu ndiyo kina cha mashapo. Kwenye mfano wetu ni wastani wa sentimita 60.

Mtaro wa udongo hauna sakafu ya kugonga, na hapo ndipo wengi huchimba kupita kiasi. Kipimo chake ni makalavati. Sakafu ya kalavati la juu na ya kalavati la chini yake zilijengwa kwa kufuata kiwango cha mtaro, hivyo vuta mstari kati ya hizo mbili na usishuke chini ya mstari huo hata kwa sentimita 10.

Mteremko unapimwa kwa mpira wa maji ule ule wa mafundi ujenzi. Mpira mwangavu wa mita 20, ujaze maji bila mapovu, mtu mmoja kila upande na rula iliyosimama kwenye sakafu. Sogea hatua kwa hatua mpaka mwisho, ukijumlisha tofauti. Mtaro wa mfano unashuka mita 1.6 ndani ya mita 400, yaani mita 1 kwa kila mita 250.

Kisha tembea mtaro wote kuanzia chini, ukiandika kila kinachoubana: makalavati ya barabara, vivuko vya zege ambavyo kila mwenye nyumba amejimwagia mbele ya geti, mabomba ya maji yaliyokatisha katikati, nguzo, ukuta wa mtu uliosogea ndani. Pima uwazi wa kila kimoja, upana na kimo, baada ya kutoa hesabu ya tope lililo ndani. Kwa kata nyingi za Dar es Salaam, ramani za mitaro zilizochorwa na mradi wa Ramani Huria tangu 2015 zinasaidia kujua maji yanatoka wapi na yanaishia wapi, ila vipimo vichukue mwenyewe. Mtaro wa mwaka 2016 si wa leo.

Hesabu inayoamua

Kuna maswali mawili: maji yanayokuja ni kiasi gani, na mtaro unaweza kubeba kiasi gani.

Yanayokuja hukadiriwa kwa kuzidisha vitu vitatu, yaani sehemu ya mvua isiyonywewa na ardhi, ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, na eneo linalomwaga humo kwa hektari, kisha kugawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Mtaa wenye mabati na zege tupu hukadiriwa kumwaga sehemu 0.7 ya mvua yake. Kwa hektari 30 na mvua ya milimita 80 kwa saa: 0.7 × 80 × 30 ÷ 360, sawa na 4.7 hivi.

Uwezo wa mtaro unatafutwa kwa kanuni ya Manning, ambayo mhandisi yeyote wa halmashauri anaijua. Kasi ya maji hutegemea mteremko, umbo la mtaro na ukwaruzaji wa kuta zake. Mtaro wa mawe ukiwa safi hupewa ukwaruzaji wa 0.025, ukiwa na majani, viroba na matairi, 0.040 ni kipimo cha huruma. Matokeo ya mtaro wetu ni haya:

Ukiwa safi, mita 5.4 za ujazo kwa sekunde.
Ukiwa na tope la sentimita 60 na majani, mita 1.7.

Tope limechukua asilimia 40 ya nafasi, lakini limeondoa karibu asilimia 70 ya uwezo. Sababu ni kwamba haliishii kupunguza nafasi, linapunguza na mwendo pia. Ndiyo maana hata kazi ndogo ya kukata majani na kutoa taka ngumu, bila kugusa tope, huongeza uwezo kwa kiasi kinachoonekana. Mtaa usio na hela ya tipa uanzie hapo.

Sasa ligeuze swali: mvua ya ukali gani inaanza kumwaga maji nje? Mtaro uliojaa unashindwa kwenye mvua ya milimita 30 kwa saa, na mvua ya namna hiyo kwa nusu saa si jambo geni wakati wa masika. Mtaro safi unavumilia mpaka karibu milimita 93. Namba hizo mbili ndizo za kupeleka kwenye mkutano wa mtaa, kwa sababu zinaeleza kwa nini nyumba zinazoingia maji mara kadhaa kwa mwaka zinaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Ila bado hatujafika kwenye kalavati. Tuseme mwisho wa mtaro wetu, chini ya barabara, kuna mabomba mawili ya zege ya kipenyo cha sentimita 90. Yakiwa safi na maji yakienda mita 2 kwa sekunde, yote mawili yanapitisha mita 2.5 za ujazo hivi. Hata mtaro wote ung'arishwe mpaka jiwe la mwisho, nyumba zilizo jirani na kalavati hilo zitaanza kuingia maji mvua ikivuka milimita 43 kwa saa, siyo 93. Kama mabomba yenyewe yamejaa nusu, hela yote ya juu imepotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza kulipiwa ni kalavati la chini kabisa. Likiwa dogo kwa umbo lake, jambo hilo ni la TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kama barabara ni ya mtaa, au TANROADS (wakala wa barabara kuu) kama ni barabara kuu, na maombi yaende yakiwa na vipimo hivi mkononi. Barua inayosema "kalavati linapitisha 2.5 na mtaro unaleta 4.7" inajibiwa tofauti na ile inayosema "tunateseka".

Mafuriko huhama

Chukua mvua ile ya milimita 80 kwa saa iliyonyesha nusu saa. Kabla ya kazi, mtaro unashindwa kubeba karibu mita 3 za ujazo kila sekunde. Maji hayo yanamwagikia sehemu za juu na za kati, mita 5,300 za ujazo hivi. Yakitandazwa kwenye hektari moja ni sentimita 53. Ukishazibua mtaro bila kupanua kalavati, sehemu za juu zinakauka, lakini karibu na kalavati yanabaki maji ya mita 3,800 za ujazo, yaani sentimita 38 kwenye hektari hiyo moja. Kwa jumla mtaa umepata nafuu, lakini mwenye nyumba jirani na kalavati, ambaye zamani maji yalikuwa yakiishia kwa wenzake wa juu, sasa yanamfikia yote, tena kwa haraka zaidi.

Kabla hamjaanza, gawanyeni nyumba kwenye makundi haya:

Nyumba za juu ya sehemu itakayozibuliwa. Hizi hunufaika mpaka umbali fulani, kwa sababu maji hayarudi tena nyuma. Mteremko ukiwa mkali, faida inaishia mapema.

Nyumba za kando ya sehemu yenyewe. Ndizo zinazonufaika zaidi kwa maji, na ndizo zilizo hatarini zaidi kwa upande wa kingo.

Nyumba za chini ya mwisho wa kazi. Hapa hasara inaweza kuongezeka. Watu hawa wana haki ya kujua kabla, na njia ya kistaarabu ni barua ya mwenyekiti kwa mwenzake:

"Ndugu Mwenyekiti, salaam. Tunatarajia kuzibua mtaro wetu kuanzia kivuko cha msikitini mpaka kalavati la barabara ya lami, kabla ya masika. Maji yatakayofika kwenu yataongezeka na yatakuja kwa kasi zaidi. Tunaomba kamati zetu zikutane na kutembea mtaro wote pamoja, ili tuanze kwa kuzibua upande wenu. Wako katika ujenzi wa taifa."

Mtaa wa chini ukiwa na mtaro mbovu kuliko wenu, ni nafuu kuchangia kazi yao kuliko kupelekana kwa mkuu wa wilaya Aprili.

Kingo, kuta na misingi

Ukuta wa mtaro hubomoka zaidi baada ya mvua kuliko wakati inanyesha. Mtaro ukiwa umejaa, maji ya ndani yanausukuma ukuta kwa nje na udongo uliolowa nyuma yake unausukuma kwa ndani, nguvu zinakaribiana. Mvua ikikatika, mtaro safi unashusha maji kwa dakika chache, lakini udongo wa nyuma unabaki mzito na umejaa maji. Sasa ukuta unasukumwa upande mmoja tu. Mtaro uliojaa tope haukuwa na tatizo hili, kwa sababu tope lenyewe lilikuwa limeegemea mguu wa ukuta na kuuzuia. Kwa hiyo ukuta uliosimama miaka 15 kwa msaada wa tope unaweza kulala siku tatu baada ya tope kuondolewa.

Kagua kila mita 10 kabla ya kuchimba. Shusha timazi kutoka juu ya ukuta. Ukiwa umeinama ndani zaidi ya sentimita 3 kwa kila mita ya kimo, au una ufa unaoingiza sarafu, weka alama nyekundu: sehemu hiyo haichimbwi mpaka iwekewe mirunda ya kukingamisha kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, moja kila mita 1.5, iliyokazwa kwa kabari za mbao. Tope hapo litolewe kwa vipande vya mita 3, kimoja baada ya kingine, si mtaro mzima kwa siku moja.

Tafuta matundu ya kupumulia ya ukuta. Ni vipande vya bomba la plastiki vya milimita 50 au 75 vinavyotokeza chini, na kwenye mtaro uliotelekezwa vyote viko chini ya tope na vimeziba. Vizibue kwa nondo mpaka maji yatoke. Kama havipo kabisa, fundi atoboe, kila mita 2, sentimita 30 juu ya sakafu, na kuweka kokoto nyuma ya tundu ili udongo usitoke. Kazi hii inachukua nusu siku na inazuia ajali ambayo ukarabati wake ni mamilioni. Ajabu ni kwamba ndiyo inayorukwa kila mara.

Mtaro wa udongo una kanuni yake. Kutoka chini ya mtaro, hesabu mita 2 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kina. Ndani ya mstari huo kusiwe na msingi wa nyumba, shimo la choo wala tenki la maji. Mtaro wa kina cha mita 2.5 unataka mita 5. Kwenye mchanga wa mabonde ya Dar es Salaam hiki ndicho kiwango cha chini kabisa. Nyumba ikiwa ndani ya mstari, usiongeze kina hapo hata kidogo: ondoa majani na taka tu, laza mteremko wa ukingo uwe mita 1.5 kwa 1 kama nafasi ipo, au jenga gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) kwanza.

Choo cha shimo kilicho karibu na ukingo kinahitaji jicho la pekee. Shimo lililokuwa limebanwa na udongo pande zote likikatwa upande mmoja linaweza kupasukia mtaroni. Na kuna desturi ya kutapisha vyoo mvua inapokolea, bomba likielekezwa mtaroni. Mabomba hayo yote mtayaona siku ya kazi, na mnaoyaona ni majirani zenu. Ni vyema mjumbe apite nyumba kwa nyumba wiki moja kabla, kuliko kuaibishana mbele ya vibarua.

Kazi yenyewe

Anza chini, panda juu. Ukianza juu, tope linaloteleza na maji yanayotuama vinakujia kazini, na mvua ya ghafla ikinyesha katikati ya kazi utakuwa umemwagia maji ya sehemu safi kwenye kizuizi.

Kiasi cha tope kwenye mfano wetu ni mita 1.2 za ujazo kwa kila mita moja ya urefu, jumla mita 480. Kibarua anayeinua tope bichi kupita ukuta wa mita 1.5 hatoi zaidi ya mita 2 za ujazo kwa siku, ukitaka arudi kesho. Hizo ni siku-kazi 240: watu 20 kwa siku 12. Tope likishachimbwa linafutuka, kwa hiyo beba hesabu ya mita 576; kwa tipa ya mita 7 ni safari 82 au 83.

Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kina haraka, lakini kina madhara yake. Meno yake yanang'oa mawe ya sakafu, na uzito wake ukisimama ukingoni unaulaza ukuta. Kikilazimika kutumika, ndoo iwe ile bapa isiyo na meno, mashine isimame umbali usiopungua kina cha mtaro kutoka ukingoni, na sentimita 10 za mwisho zimaliziwe kwa beleshi. Opareta asimamiwe na mtu mwenye nondo ya kupimia mkononi muda wote. Opareta analipwa kwa saa au kwa safari za tipa, na mchanga safi una wateja, hivyo ana kila sababu ya kushuka zaidi ya kipimo. Mchanga ni madini ya ujenzi kisheria; ukianza kuuzwa, kazi ya kuzibua mtaro imegeuka uchimbaji unaohitaji leseni.

Kwa watu: gambuti, glavu nzito, nguo za mikono mirefu, maji na sabuni palepale, na anayejikata aoshwe na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tope hili lina vioo, sindano na mkojo wa panya. Homa ya mgunda, iliyotikisa Lindi mwaka 2022, huingia kupitia mchubuko mdogo tu. Kalavati refu asiingie mtu. Livutwe kwa kamba na ndoo, au lisukumwe kwa maji ya bowza.

Tope lisilale ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha ndani, na kabla ya hapo uzito wake unausukuma ukuta. Kama lazima lichuje maji kwanza, liwe angalau mita 3 nyuma, juu ya turubai, kwa siku 2 zisizo na mvua, kisha tipa iliyofunikwa ilipeleke mahali halmashauri ilipoelekeza. Jijini mara nyingi ni dampo la Pugu Kinyamwezi. Msijazie viwanja vya watu mabondeni. Kila tipa inayomwagwa bondeni inachukua nafasi ambayo maji yangekaa, na maji hayo yanahamia kwa mwingine. Wala lisipelekwe kwenye bustani za mchicha, maana limetokana na maji yaliyopita gereji, viwanda na vyoo.

Pale kazi inapoishia upande wa juu, msiache ngazi. Sakafu safi ikiwa chini ya tope kwa sentimita 60 kwa wima, maji yataanza kuila ile ngazi na kurudi nyuma, yakibomoa kingo za watu ambao hamkugusa hata mbele ya nyumba zao. Ilazeni kwa mteremko wa mita 10 kwa kila mita 1, yaani mita 6 kwa sentimita 60, na kwenye mtaro wa udongo mpange mawe ya sentimita 20 mpaka 30.

Vibali

Muhtasari wa mkutano wa mtaa uende kwa mtendaji wa kata, kisha halmashauri na TARURA. Mkigusa mto wenyewe, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na NEMC, msimamizi wa mazingira wa taifa, lazima wahusike. Na kitu kimoja kisichanganywe: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kuzibua mtaro hakumhalalishi aliyejenga ndani ya mita hizo, wala hakugeuzi leseni ya makazi kuwa kinga ya kuhamishwa. Aliye bonde la Msimbazi aangalie kwanza mipaka ya mradi wa bonde hilo, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, kabla ya kuchangia hata shilingi.

Karibu na bahari, bamvua ndiyo inayotawala

Mtaro unaomwaga karibu na mdomo wa mto, kama upande wa Jangwani kuelekea Daraja la Selander, una bwana mwingine. Wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, maji ya bahari Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Sakafu ya mtaro ikichimbwa chini ya kiwango cha bahari iliyojaa, haiongezi uwezo. Bahari inaijaza kabla mvua haijafika, na tope linatua upya kwa sababu maji yamesimama. Hapo kina hakisaidii, upana ndio unaosaidia. Pima kiwango cha mdomo siku ya bamvua, piga rangi kwenye ukuta, na hesabu ya uwezo ianzie juu ya alama hiyo. Tazama pia jedwali la kujaa na kupwa kwa bahari kujua siku ambazo bamvua na mvua iliyotabiriwa na TMA (mamlaka ya hali ya hewa) vinaangukiana; siku hizo godoro lipandishwe juu bila kujali mtaro ni safi kiasi gani.

Faida kwa hela

Tumia bei za mtaa wenu. Hizi ni za mfano. Nyumba inayoingia maji mara 3 kwa mwaka, kila mara ikipoteza vitu vya shilingi 250,000 (godoro, unga, kabati la mbao za kushindilia, mota ya friji), inapoteza 750,000 kwa mwaka. Ikiwa baada ya kazi inaingia maji mara 1 kila miaka 2, na hasara ya 400,000 kwa sababu mvua inayobaki ni ile kali, wastani unashuka mpaka 200,000. Nafuu ni 550,000 kwa nyumba. Kwa nyumba 25, milioni 13.75 kwa mwaka. Gharama: vibarua 240 kwa 15,000 ni milioni 3.6, safari 82 za tipa kwa 80,000 ni milioni 6.56. Kazi inajilipa ndani ya mwaka, mradi kalavati limeshughulikiwa. Kama kalavati bado, ondoa nyumba zote zilizo jirani nalo kwenye hesabu, kisha uone kama bado inalipa.

Bei ya nyumba haipandi kwa sababu mtaro umesafishwa mara moja. Mnunuzi makini, benki na kampuni ya bima wanaangalia alama za maji ukutani na kuuliza majirani. Kinachowashawishi ni kumbukumbu: picha za kabla na baada zenye tarehe, vipimo vya nondo, na daftari la mvua. Kopo lenye kuta wima, lililowekwa mahali pa wazi na kusomwa kwa rula kila saa 3 asubuhi, linatosha kupima mvua. Kila yakiingia maji, piga mstari ukutani na uandike milimita za siku hiyo. Baada ya misimu miwili daftari litaonyesha kama nyumba inayoingia maji kwa milimita 40 sasa inavumilia 80.

Tope litarudi

Chanzo hakijazibwa: vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe bado vinamomonyoka, viwanja vinasawazishwa bila ukuta, na taka zinatupwa. Chimba mtego wa mchanga mwanzoni mwa mtaro: urefu mita 4, upana wa mtaro wote, sentimita 80 chini ya sakafu, wenye kuta za mawe. Unabeba mita 6.4 za ujazo, zaidi kidogo ya tipa moja tope likishafutuka, na ni rahisi kuuzoa kuliko kuzoa mita 400. Chujio la nondo mbele ya kalavati liwe na nafasi za sentimita 15 na lilale mteremko, siyo wima, ili taka zipande juu maji yapite chini. Mtu mmoja alipwe kulisafisha hata mvua ikinyesha. Chujio lisilo na mtu ni bwawa.

Pima kwa nondo mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli, sehemu zile zile zilizopigwa rangi. Tope likifika sentimita 15, vibarua 10 wanalimaliza kwa siku 6. Likiachwa mpaka 30, siku-kazi na safari za tipa zitakuwa mara mbili, na itahitajika michango ya nyumba kwa nyumba, na mkutano mwingine wa kubishana nani alipe.